Nani Kaambiwa, Nani Kafichwa: Siri katika Mabango ya Filamu za Kutisha

Papa aliyechorwa katika bango la Jaws hayumo katika filamu ya Jaws. Yule wa filamu, ambayo Steven Spielberg aliiongoza na ikatoka mwaka 1975, anakadiriwa na mvuvi wa humo ndani kuwa na urefu wa futi 25. Kwa sehemu kubwa ya hadithi haonekani mzima, kwa sababu mashine iliyotengenezwa kumwigiza iliharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi, ikamlazimu mwongozaji kupiga picha za pezi, za maji yanayotibuka na za mapipa ya njano yanayokokotwa juu ya mawimbi. Yule wa bango ni dude jingine. Kichwa chake peke yake kinatosha kummeza mwogeleaji aliye juu yake bila kumtafuna, na anapanda wima kutoka kilindini kana kwamba bahari nzima ni koo lake. Roger Kastel hakumchora kwa ajili ya sinema. Mchoro ulikuwa wa jalada la toleo la bei nafuu la riwaya ya Peter Benchley, lililochapishwa na Bantam, na watu wa filamu wakauchukua. Kwa hesabu ya ukweli wa vipimo, basi, hili ni tangazo linaloahidi kitu ambacho bidhaa yake haina. Hata hivyo ni miongoni mwa mabango yanayotambulika zaidi duniani, na sifa ya filamu haikupungua hata kidogo kwa sababu papa wake ni mdogo kuliko wa karatasini.

Ukiwauliza watu kwa nini bango hilo linafanya kazi, wengi watakutajia meno, na baada ya meno watataja jina la filamu lililoandikwa kwa rangi ya damu. Ni majibu ya haki, lakini hayatufikishi mbali. Meno yapo katika mamia ya mabango ambayo hakuna anayeyakumbuka, na wino mwekundu haujawahi kuwa adimu katika kiwanda chochote cha uchapaji. Nawaomba mtazame kitu kingine: mwogeleaji hatazami chini. Uso wake uko juu ya maji, mkono wake unakata wimbi, na kwa upande wake siku hii ni ya kawaida. Papa anamjua yeye. Sisi tunawajua wote wawili. Yeye peke yake hajui kitu. Mstari wa maji unaokata karatasi hiyo kwa upana ndio mpaka kati ya aliyeambiwa na aliyefichwa, na sisi wapita njia tumewekwa mahali ambapo hakuna binadamu anayeweza kusimama, jicho moja juu ya maji na jicho moja chini yake.

Hoja yangu katika mhadhara huu inatoka hapo. Kanuni za usanifu wa mabango ya filamu za kutisha na za taharuki, yaani zile tunazozizoea kiasi cha kuzidharau, kama vile giza, uso uliokatwa nusu, mtu mdogo chini ya kitu kikubwa, herufi zilizopasuka na mlango ulioachwa wazi kidogo, si orodha ya vitu vinavyotisha. Ni njia za kugawa siri. Kila bango la aina hii lina watu watatu: tishio, mhanga na mpita njia anayelitazama. Kazi ya msanifu ni kuamua nani kati yao anajua nini. Katika bango la kutisha, mpita njia hupewa zaidi ya mhanga, naye huondoka akiwa amebeba habari ambayo hawezi kuifikisha. Katika bango la taharuki mambo hugeuka: aliyemo pichani, au alama iliyowekwa pichani, inajua kitu ambacho mpita njia hakijui. Mipaka ya aina hizi mbili huingiliana sana katika filamu zenyewe, lakini katika mabango yake tofauti hii ni thabiti kuliko tofauti ya rangi, ya umri au ya nchi.

Msingi wa fikra hii si wangu. Alfred Hitchcock, katika mazungumzo yake na François Truffaut yaliyochapishwa kama kitabu mwaka 1966, aliueleza kwa mfano wa bomu lililo chini ya meza. Watu wawili wanazungumza mambo ya kawaida, bomu linalipuka ghafla, na mtazamaji amepata mshtuko wa sekunde 15. Mwonyeshe mtazamaji bomu hilo mapema, umwache awasikilize watu wale wale wakizungumza maneno yale yale, na umempa taharuki ya dakika 15. Hitchcock alikuwa akizungumzia muda, yaani kitu ambacho filamu inacho na karatasi haina. Bango haliwezi kusubiri wala kuhesabu dakika. Ndiyo maana msanifu wake analazimika kugeuza muda kuwa nafasi: kile ambacho katika filamu kitatokea baadaye, katika bango kinawekwa chini, nyuma au pembeni, mahali ambapo mhanga haangalii. Ukiona tishio limechorwa nyuma ya bega la mtu, umeona saa imechorwa kama umbali.

Tuanze na rangi, kwa kuwa ndipo nadharia ya kawaida inapojivunia. Inasemwa kwamba bango la kutisha ni jeusi na jekundu. Basi tuyatazame yale ambayo wapenzi wa sinema huyataja kila mara. Jaws, ukiacha jina lake, ni nyeupe na buluu. Bango la Rosemary's Baby la mwaka 1968 ni la kijani. Lile la The Shining la mwaka 1980, kazi ya Saul Bass, ni la njano. Vertigo la mwaka 1958, pia la Bass, linawaka rangi ya chungwa. Nyeusi inatumika sana, hilo ni kweli, lakini inatumika kwa sababu ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kusema kwamba kuna kitu hapa hujaonyeshwa. Maji yanaweza kuifanya kazi hiyo hiyo, na ukungu pia, na hata kuta nyeupe za hospitali. Msanifu anayefikiri kwamba weusi wenyewe ndio unaotisha huishia kuchapa karatasi nyeusi ambayo haifichi chochote, na mtazamaji huliona hilo mara moja hata kama hawezi kulieleza.

Rosemary's Baby inastahili tukae nayo. Uso wa Mia Farrow umelala kwa ubavu, mkubwa kama mlima, umefunikwa na ukungu wa kijani, na juu ya mawe kinasimama kivuli cha kigari cha mtoto mchanga. Maneno machache yaliyoandikwa yanamwomba mpita njia amwombee mtoto. Hakuna pembe, hakuna moto, hakuna shetani. Aliyeiona filamu anajua ujanja uliomo: tunaombwa kumwombea mtoto, na kwa hiyo tunadhani mtoto ndiye aliye hatarini. Kila neno lililoandikwa ni la kweli na kila kitu kilichochorwa kimo katika hadithi, na bado tumeelekezwa upande usio wake. Nalihesabu bango hili kuwa bora zaidi katika karne nzima iliyopita, na sababu ni hiyo: lina uaminifu wa mtu asiyetamka uongo hata mmoja lakini anachagua ni ukweli upi atangulize.

Bango la The Exorcist, filamu ya William Friedkin ya mwaka 1973, linatumia mbinu iliyo karibu na hiyo. Bill Gold, aliyelisanifu, hakumweka msichana aliyepagawa. Alimweka kasisi aliyevaa kofia, amesimama na mkoba wake chini ya taa ya mtaani usiku, mbele ya nyumba. Picha hiyo ina deni kwa mchoro wa René Magritte unaochanganya mchana na usiku mbele ya nyumba moja. Tazameni mwanga unatoka wapi. Tangu utoto tumefundishwa kwamba taa ni salama na giza ni hatari, lakini hapa mwale unatoka katika dirisha la chumba chenye kile kitu, unamwangukia mzee aliye gizani, na gizani ndiko kwenye usalama. Kasisi anajua anachokwenda kukabiliana nacho. Mpita njia hajui, ila anaona kwamba mzee huyu anajua, na kusimama kwake tu kunatosha. Hili ni bango la filamu ya kutisha lililosanifiwa kwa kanuni ya taharuki. Nalitaja makusudi, kwa sababu linaonyesha kwamba mgawanyo wa siri ni chombo ambacho msanifu anaweza kukigeuza, si sheria inayomfunga.

Katika upande wa taharuki yenyewe ushahidi ni mwingi, na wa kwanza ni wa zamani. Fritz Lang alitoa filamu ya M mwaka 1931, juu ya muuaji wa watoto anayesakwa na polisi na wahalifu wa mji kwa pamoja. Bango lake linalojulikana zaidi ni kiganja kilichofunuliwa, na katikati ya kiganja hicho herufi M nyekundu. Mpita njia huona mkono na kudhani ni wa muuaji. Katika filamu mambo ni kinyume: kijana mmoja wa kundi linalomsaka anaandika M kwa chaki katika kiganja chake mwenyewe, kisha anajifanya kujikwaa na kumpiga mtuhumiwa begani, ili alama ihamie kwenye koti. Mkono ule ni wa msakaji. Alama tumepewa bila maelezo yake, na maelezo hayo yanauzwa kwa bei ya tiketi. Miaka 60 baadaye, bango la The Silence of the Lambs linafanya vivyo hivyo: uso wa Jodie Foster umepauka, macho mekundu, na mahali pa mdomo ametua nondo. Mgongoni mwa nondo kuna fuvu, na ukisogea karibu unagundua kwamba fuvu hilo limeundwa kwa miili ya wanawake saba walio uchi, kwa kufuata picha ambayo Philippe Halsman aliipiga na Salvador Dalí mwaka 1951. Anayepita mbali anaona mdudu, anayesimama anaona fuvu, anayekaribia anaona wanawake. Siri imegawanywa hata kwa hatua za miguu.

Psycho ya mwaka 1960 nayo iligeuza hata desturi ya kutangaza nyota kuwa mahali pa kufichia. Katika bango lake Janet Leigh, akiwa na nguo za ndani, ndiye anayetawala, na kwa kanuni zote za biashara ya sinema za wakati ule anayetawala bango ndiye atakayetufikisha mwisho. Anauawa kabla filamu haijafika nusu. Hitchcock alifuatisha matangazo yaliyokataza mtu yeyote kuingia ukumbini baada ya filamu kuanza, na watu wakayachukulia kuwa mbwembwe za mauzo. Zilikuwa mbwembwe, lakini zilikuwa pia za lazima, kwani aliyechelewa angekaa akimsubiri mwanamke ambaye amekwisha kufa. Sijui kama kuna mfano mwingine ulio safi kiasi hiki wa ukubwa wa uso kutumika kumdanganya anayeujua mtindo, huku asiyeujua akiachwa salama.

Hata herufi zinashiriki. Zile za Psycho, ambazo Tony Palladino alizibuni kwanza kwa jalada la riwaya ya Robert Bloch, zimekatwa katikati kama kioo kilichopigwa jiwe. Jina linasomeka, lakini kuna kitu kimelitokea kabla hatujafika. Hiyo ndiyo kazi ya herufi katika mabango haya: kutujulisha kwamba tumechelewa. Herufi zinazodondosha damu husema jambo hilo hilo kwa sauti kubwa mno.

Sasa nizijibu pingamizi, maana zipo na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni kwamba kufichaficha huku hakutokani na sanaa hata kidogo, kunatokana na udhibiti. Katika Marekani matangazo ya filamu yamekuwa chini ya kanuni za chama cha wenye studio tangu miaka ya 1930, na bango linabandikwa barabarani mbele ya watoto na watu ambao hawakuomba kuliona. Msanifu, basi, haonyeshi kwa sababu haruhusiwi kuonyesha. Sehemu ya pingamizi hili naikubali. Lakini twende Ujerumani. Udhibiti wa filamu ulifutwa huko mwezi wa Novemba 1918 na ukarejeshwa kwa sheria ya Mei 1920. Katika upenyo huo, Februari 1920, ndipo ilipooneshwa kwa mara ya kwanza The Cabinet of Dr. Caligari. Kabla ya hapo Berlin ilikuwa imebandikwa karatasi zisizo na jini, maiti wala kisu. Zilimwambia mpita njia kwamba ni lazima awe Caligari, bila kumweleza Caligari ni nani. Watangazaji hao, katika miezi ambayo filamu za nchi yao hazikuwa na mdhibiti, walichagua kuficha karibu kila kitu. Udhibiti unaweza kumsukuma msanifu kuelekea kwenye siri, lakini si udhibiti ulioigundua.

Kinyume chake kilionekana mwaka 2007, wakati filamu ya Captivity ilipotangazwa kwa mabango makubwa Los Angeles na juu ya teksi za New York yakiwa na picha nne mfululizo za mwanamke, kuanzia kutekwa hadi kufa. Malalamiko yakazuka, mabango yakaondolewa, na chama cha wenye studio kikaiadhibu kampuni kwa kuchelewesha kuipa filamu hiyo daraja lake. Mjadala wa wakati huo ulikuwa juu ya ukatili, na ulistahili kuwa hivyo. Mimi naongeza kosa la usanifu, ambalo naona halitengani na lile la maadili. Mabango yale yalimwonyesha mpita njia mwanzo, kati na mwisho. Hayakumwachia kitu cha kujua wala cha kuhofia, yalimwachia mateso ya mtu mwingine tu, akayatazama bila kuhusika. Bango linalogawa siri linamheshimu mwanamke aliyechorwa humo kwa kumwacha bado hai na bado na nafasi.

Pingamizi la pili ni la wale wanaosema kwamba wasanifu huigana tu. Bango moja likifanikiwa, mengine kumi yanafuata, na hakuna nadharia inayohitajika. Ni kweli kwamba uigaji ni mwingi. Herufi za Trajan, zilizotokana na maandishi yaliyochongwa chini ya mnara wa mfalme Trajan mjini Roma na kuingizwa katika kompyuta na Carol Twombly wa Adobe mwaka 1989, zilitapakaa kutoka filamu za kihistoria hadi za mizimu, mpaka macho yakachoka. Lakini uigaji unaeleza jinsi desturi inavyoenea, hauelezi kwa nini desturi moja ilifaa kuigwa na nyingine haikufaa. Fikirini kisa cha The Thing cha mwaka 1982. Drew Struzan alitakiwa kuchora bango kwa usiku mmoja, bila kuiona filamu. Hakuwa na dude la kunakili. Akamchora mtu aliyevaa koti la baridi kali, na ndani ya kofia ya koti, mahali pa uso, akaweka mwanga unaochoma. Filamu yenyewe, kama ilivyo, inahusu kiumbe kinachoweza kuwa mtu yeyote. Msanii ambaye hakuambiwa kitu alitoa picha ya kutoambiwa, na ikawa ndiyo picha sahihi. Hakuwa na muda wa kumwiga mtu.

Kuna wanaonikumbusha mabango ya studio ya Universal ya miaka ya 1930, ambamo dude la Frankenstein na maiti ya Misri wanaonekana waziwazi. Nakubali, ila naongeza kwamba katika majina ya mwanzo ya Frankenstein ya mwaka 1931 mwigizaji wa lile dude hakutajwa, iliwekwa alama ya kuuliza. Uso ulitolewa, jina likafichwa. Siri ilihamishwa tu.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka Ghana, na nisingependa kulipita haraka. Kuanzia miaka ya 1980, wenye sinema za kuhamahama katika nchi ile walisafiri mji hadi mji wakiwa na televisheni, deki ya video na jenereta. Mabango yao yalichorwa kwa mkono kwa rangi ya mafuta juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja, yakakunjwa na kufunguliwa kila walikofika. Kitabu cha Ernie Wolfe cha mwaka 2000 kiliyakusanya, na leo yananunuliwa na wakusanyaji wa Marekani na Ulaya. Humo hakuna siri hata chembe. Vichwa vimekatwa, matumbo yako nje, nyoka wanatoka vinywani, mashujaa wana misuli ambayo hakuna mwigizaji aliyewahi kuwa nayo. Mara nyingine kilichochorwa hakimo kabisa katika filamu, kwani si kila mchoraji aliyeiona kanda aliyotakiwa kuitangaza. Je, hapa hoja yangu haikuanguka?

Jibu langu ni kwamba hapa imekutana na mpaka wake, na mpaka huo unafundisha. Bango la Exorcist liliwekwa mbele ya watu ambao walikuwa wamesikia habari za riwaya yake, wamesoma magazeti na kuona matangazo ya televisheni. Siri inaweza kugawanywa pale tu ambapo watu wanajua kwamba ipo. Mchoraji wa Accra au Kumasi hakuwa na msaada huo. Gunia lake lilikuwa gazeti, televisheni na mpiga mbiu kwa pamoja, na lilikuwa na mchana mmoja wa kuwashawishi watu kulipa jioni ile ile. Aliyefanya kazi katika hali hiyo alikuwa na haki ya kutoa vyote. Na ninaposema alitoa vyote, nisimpunje: mengi ya magunia hayo yanaonyesha tendo likiwa katikati, panga limeinuliwa, meno yamezama nusu, na sababu ya ugomvi haionekani popote. Mtazamaji anajua kabisa nini kinatokea na hajui kabisa kwa nini. Ni aina ya siri, ingawa si ile ya Kastel. Kinachonisikitisha ni namna wakusanyaji wa mbali wanavyoyacheka magunia hayo kama vituko, wakati yalitatua tatizo ambalo wasanifu wa Hollywood hawakuwahi kupewa.

Kwetu Afrika Mashariki hali ilikuwa ya tatu. Katika vibanda umiza, yaani vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video, kilichosimama nje mara nyingi kilikuwa ubao wa chaki wenye majina ya filamu na saa zake, na kazi ya kushawishi ilibebwa na sauti ya mfasiri iliyosikika mpaka barabarani. Filamu za kutisha za Kiswahili zilipoanza kutengenezwa kwa video mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikiwemo Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, bango lake halisi lilikuwa jalada la kanda na baadaye la diski, lililopangwa katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, bega kwa bega na mamia mengine. Jalada la namna hiyo lilijaa nyuso. Waigizaji watano, sita, kila mmoja na hasira au machozi yake, na lile dude likiwa na rangi zake zote mbele kabisa. Wapo wanaolaumu kwamba ni ushamba. Mimi naona ni hesabu ya soko: mnunuzi alikuwa akinunua mwigizaji anayemfahamu, na uso usioonekana ni uso usiouzwa. Lakini hesabu iliyokuwa sahihi kwa rafu ya Kariakoo haina sababu ya kuendelea baada ya rafu yenyewe kupungua, na hapo ndipo nawalaumu wasanifu wetu wa leo, ambao wana kompyuta nzuri na wanaendelea kupanga nyuso kama picha ya pasipoti ya kikundi.

Simu ndiyo rafu mpya, na inaleta pingamizi la mwisho: kwamba picha ikiwa ndogo kama kucha haiwezi kugawa siri yoyote, kwa hiyo uso mkubwa utashinda daima. Mwaka 2017 Netflix ilieleza hadharani kwamba picha inayoitangaza filamu moja hubadilishwa kulingana na mtazamaji, kwa kufuata aliyoyatazama awali. Hilo linanipa wasiwasi kuliko udogo. Bango la barabarani lilimpa kila mtu nusu ile ile ya siri, ndiyo maana mtaa mzima uliweza kuizungumza. Picha inayobadilishwa kwa kila mtu humpa kila mmoja kile anachokipenda tayari, na kwa mwenye kupenda nyuso itatoa uso. Kuhusu udogo wenyewe, hata hivyo, naona pingamizi limekosea. Papa wa Kastel anasomeka akiwa na ukubwa wa stempu, kwa kuwa ana mstari mmoja, kitu kimoja juu na kimoja chini. Kinachokufa kwenye simu ni msongamano, na msongamano ndio tulioutetea kwa miaka yote hii.

Tena wasanifu wa Kiswahili wana mtaji ambao wengine hawana. Jordan Peele alipotoa Get Out mwaka 2017, Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London mwenye wazazi wa Uganda, aliitangaza kwa uso uliokodoa macho na kububujikwa machozi, akitazama kitu ambacho picha haituonyeshi. Katika Us ya mwaka 2019, Lupita Nyong'o alionekana ameshika kinyago chenye sura yake mwenyewe. Hizo ni picha nzuri zinazoeleweka popote. Lakini mgawanyo mkali zaidi wa siri katika Get Out hauko kwenye bango lake. Uko katika wimbo wa Michael Abels unaosikika mwanzoni, Sikiliza kwa Wahenga, ambao maneno yake ni ya Kiswahili na ni ya onyo. Mamilioni ya Wamarekani walisikia sauti tu. Anayejua Kiswahili aliambiwa mapema kuliko shujaa mwenyewe. Peele alitumia lugha yetu kuwa ule mstari wa maji wa Kastel.

Pwani yote, kutoka Lamu hadi Kilwa, inajulikana habari ya mwanamke mzuri kupindukia anayekutana na mtu usiku, na ambaye mtu huyo anamtazama usoni kwa muda mrefu kabla hajatupa jicho chini na kuona kwato. Msikilizaji wa Mombasa au Tanga hahitaji kuelezwa habari hiyo. Basi mchoreni mwanamke huyo peke yake katika bango, amevaa buibui, anatabasamu, mwanga wa kawaida, na karatasi ikatwe kidogo juu ya vifundo vya miguu. Msiandike neno la kutisha popote. Mgeni ataona picha ya mwanamke na kupita zake. Wa hapa ataona kwamba picha imekatwa mahali pasipostahili kukatwa, na ataelewa kwamba aliyeikata alikuwa na sababu. Bango la namna hiyo lingegharimu mwigizaji mmoja na mpiga picha mmoja, bila tone la damu ya bandia, na lingesomeka kwenye simu sawasawa na kwenye ukuta wa Kariakoo.